Uzi wa Mshale

Gisenyi, 9 Machi 1997

Kaka Viateur,

Mmeamkaje huko Mwanza? Wifi na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Mama mkwe bado anasumbuliwa na miguu, lakini anakula.

Nina shida. Uzi wa redio ya baba umekatika, ule mwembamba unaovuta mshale wa stesheni. Nobu inazunguka bure, redio imekwama kwenye muziki. Unajua kwa nini siwezi kukaa bila redio hiyo. Jumapili jioni wanasoma majina ya waliopotezana vitani. Tangu mume wangu Théoneste avuke kwenda Goma kutengeneza boti ya watu, vita vikamkuta hukohuko, sijakosa kipindi. Kwa majirani siwezi kwenda kusikiliza. Siku hizi jioni hakuna anayetoka nje.

Nimejaribu mshipi wa wavuvi wa Nyamyumba. Unateleza. Nikafungua nyuma, nikazungusha gurudumu la ndani kwa kidole. Nikasikia "Théo...", kidole kikasogea, ikabaki kukoroma. Akina Théogène na Théophile ni wengi, najua. Lakini lazima nisikie jina lote.

Nitafutie uzi, kaka.

Mdogo wako,
Mukandori

Mwanza, 27 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Tu wazima, ila kitinda mimba alishikwa na malaria, sasa anacheza. Mpe pole mama mkwe.

Barua yako ilichelewa. Nimezunguka kwa mafundi, wengi wananipa nailoni. Mzee mmoja wa Makoroboi akasema, "Hiyo itanyumbuka. Unataka uzi uliofumwa." Akafungua redio iliyokufa zamani, akauchomoa. Claudette, binti wa jirani yetu anayerudi shuleni Nyundo, karibu nawe, ndiye anayekuletea. Uzungushe mara tatu kwenye mti wa nobu, kisha uufunge kwenye ile springi ndogo ya gurudumu. Ukilegea hata kidogo, hautavuta.

Sasa nikuambie kama kaka. Rudi Mwanza. Chumba kipo, na mama mkwe njoo naye. Walioondoka na vita vile wengi hawarudi. Usiolewe na redio.

Kaka yako,
Viateur

Gisenyi, 11 Agosti 1997

Kaka,

Natumaini hamjambo. Huku usalama umekuwa mdogo, barabara inafungwa na kufunguliwa. Claudette alinifikishia uzi salama.

Nimeufunga mwenyewe, kwa kibano cha nyusi. Ulinichomoka mara nyingi hata nikalia. Ulipokaza, mshale ukatembea kutoka mwisho hadi mwisho, kama baba alipokuwa akitafuta taarifa ya habari.

Jana walisoma: Théoneste Bimenyimana, fundi wa boti wa Gisenyi, yuko Kisangani, anamtafuta mkewe Mukandori na mama yake.

Nilikaa tu na mwiko mkononi. Mama mkwe, ambaye hajui kwamba redio haisikii, akaniambia, "Waambie wasome tena." Asubuhi jirani yetu Mukamusoni alikuja mbio, naye alikuwa amesikia kwake: "Si mi nilikuambia? Bwana yako iko muzima!"

Kwa hiyo siji Mwanza, kaka, usinikasirikie. Natuma jibu lisomwe. Akirudi, anikute alipo­niacha.

Mdogo wako,
Mukandori

Mwanza, 18 Januari 1998

Mdogo wangu Mukandori,

U hali gani? Nakuuliza kwa mara ya tatu bila jibu. Barua ya Septemba sijui kama ilifika, na ile ya Novemba imerudishwa kwangu ikiwa na muhuri wa posta. Watu wanaotoka upande wenu wanasimulia mambo ambayo wifi yako hataki niyasikilize.

Nimenunua redio. Jumapili jioni hapa nyumbani hakuna anayeongea. Leo wamesoma tena: Théoneste Bimenyimana, Kisangani, anamtafuta mkewe Mukandori. Kwa hiyo jibu lako halijamfikia, au hukuwahi kulituma. Nimeandika nitume langu: mimi ni shemeji yako, anwani yangu ni hii, endelea kuishi.

Sikuweza kuandika kwamba wewe u mzima. Kalamu ilikataa.

Alhamisi napanda meli hadi Bukoba, kisha nitatafuta gari la Rusumo, mpakani. Kama unaondoka kumfuata, mwachie Mukamusoni neno. Kama upo, usihangaike kuandika. Nitafika mchana, na kabla ya kubisha nitakuita kwa jina lako la utotoni, ili usiogope kufungua.

Kaka yako,
Viateur