Ya Kapita Ni Mimi Nimeua

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kasongo, tarehe 14 Juni 1957
Jina: Régina Amisa. Umri: miaka ishirini na mmoja, kadiri mama yake alivyomwambia. Kazi: mulimaji. Makao: Wamaza, Kabambare.
Mbele ya Brigadie Asani.

Sasa hivi mutoto wangu Pacifique, nimemupakata hapa, amevuta kalamu ya Brigadie na kuivunja. Brigadie amepiga kelele: «Mama, mutoto ameua kalamu yangu!» Nimeomba neno hilo liandikwe kama lilivyotoka. Amekataa. Nimesema basi siendelei. Sasa ameliandika.

Mnamo tarehe 20 Mei, asubuhi, bwana yangu Musafiri aliazima kinga, ndiyo baiskeli, ya Faradji, kapita anayesimamia walimaji wa pamba, apeleke mihogo sokoni. Kwenye muteremko alianguka, gurudumu likapindika, munyororo ukakatika. Alirudi ameibeba kichwani. Faradji akamutania: «Weye Musafiri, kinga inakupanda siku hizi?» Watu wakacheka. Bwana yangu akasema: «Kweli, kapita, nimeiua. Nitaitengeneza.» Wakala pamoja, kwangu.

Juma lile lile Faradji alishikwa na homa, akafa. Ndugu zake wakaanza maneno, eti alilishwa sumu kwangu. Polisi wakamukamata Musafiri. Karani aliyegeuza maneno kwa Kifaransa ametoka Léopoldville, Kiswahili chetu anakiokota njiani. Aliuliza: «Habari ya kapita?» Musafiri alidhani ni kinga. Akajibu: «Ya kapita ni mimi nimeua.» Karani akaiacha ile «ya» ndogo. Akaandika: kapita ni mimi nimeua.

Nimeeleza kwa karani, kwa polisi, kwa muzungu wa kesi. Kila mutu: «Mama, tulia.» Nitulie namna gani? Wanasema atanyongwa!

Ndipo akaja Metre Pierre, avoka wa Bukavu. Tangu ujana kazi yake ni kutetea watu walioshitakiwa kuua na kuiba, na watu wanaoishitaki Leta yenyewe, serikali. Wazungu wenzake hawamualiki tena kula. Nilimuuliza: «Metre, unashindaka kesi?» Akasugua macho. «Mara chache, mama. Nafika, neno limeisha kuandikwa vibaya.» Ni yeye aliyedai nisikilizwe leo kwa Kiswahili, bila karani. Pacifique akikua nitamutia shule, awe avoka. Kuvunja vitu vya Leta ameisha kujua.

Haya yote nimeyasema kwa kinywa changu, na gurudumu liko chini ya kitanda changu Wamaza, mukifika mutaliona lime— ngoja, Brigadie, Metre ananiita dirishani, anasema Musafiri ame

(sahihi) Régina Amisa

Maandiko ya Brigadie: Shahidi ametoka mbio kabla ya kumaliza. Mufungwa alikuwa ameletwa uani kuonana na avoka. Nimemusomea maelezo hapo hapo, bwana yake akisikia, naye ametia sahihi, mutoto mukononi. Hakuna neno lililogeuzwa. Maelezo yameandikwa kwa kalamu ya pili. Ya kwanza mutoto ameua.
Asani, Brigadie