Nilivyomkataza Nirmalya kuinuka

Kabita, umeamka? Nimefanya jambo baya.

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga, nje bado giza, jirani yangu Nirmalya akaja kwangu kutazama kriketi inayochezwa Australia kwenye TV, kama kawaida. Tukabishana juu ya kikosi. Yeye anataka mrushaji mwingine wa mpira wa kuzunguka, mimi nataka mpigaji.

Basi vijana wetu wawili wakaanza kupiga vizuri. Akainuka. "Dada, nikale. Nimeshachoma sindano ya kushusha sukari."

Nikamwambia, "Kaa hapo hapo. Ukiinuka tu, mmoja anatolewa."

Akakaa saa nzima, Kabita. Sindano ameshachoma, na mimi namwambia kaa. Mikate iko jikoni, hatua tano, nami sikuinuka, nikiogopa kuwaponza wale vijana.

Mara kikombe kikamponyoka. Jasho, maneno hayaeleweki. Nikamnywesha maji ya sukari ya rasogolla, yale madonge matamu ya maziwa, kijiko kwa kijiko, mpaka akanitambua.

Nikamrudisha nyumbani kwake; natoka huko sasa hivi. Nimemwomba radhi nikilia. Akanipa leso yake.

"Kesho njoo tena, dada," akasema. "Humu ndani kila ninayemwambia habari za kikosi ananikubalia tu."