Nusu Iliyobaki ya Shamba la Don Anacleto

Shangazi Herminia mpendwa, mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali lifiche jina langu, kwa sababu hapa Paso Hondo wote wananisifu kwa jambo linalonifanya nitamani ardhi inimeze.

Kwenye maonyesho ya sayansi ya shule yetu nilieleza jinsi taka za machinjio, yaani damu, mafuta na majani yaliyotoka tumboni mwa ng'ombe, zinavyoweza kuupa udongo nguvu, na nilikuwa na karatasi tatu, ile ya katikati ikisema kwamba ni lazima kwanza zichanganywe na nyasi kavu, zirundikwe na kugeuzwa kwa miezi kadhaa mpaka ziive na harufu iishe, lakini nilipoona ukumbi umejaa sauti ilinikauka, nikairuka karatasi hiyo ili nimalize upesi nikakae, watu wakapiga makofi, na jirani yetu mzee Anacleto, don Anacleto kama tunavyomwita kwa heshima, anayeishi kwa kuuza saladi na vitunguu, akaomba lori zima la taka mbichi kutoka kiwanda cha nyama, akalimwaga kwenye nusu ya shamba lake na kupanda.

Sasa nusu ile imefunga ganda la mafuta, maji ya mvua yanatuama juu, miche imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto, kinachostawi ni magugu tu ambayo ng'ombe walimeza mbegu zake, na nilipochimbua kwa siri sikuona nyungunyungu hata mmoja.

Juzi nilikwenda kumwambia.

"Karibu, daktari wangu wa udongo!" akasema, akinimiminia chai ya yerba, ile ya majani machungu tunayokunywa kwa kupokezana kibuyu kimoja. "Yule Wilmar kaniuzia mbegu mfu. Nimemwita mwizi palepale dukani kwake, mbele ya watu! Lakini usijali, Jumamosi lori linarudi. Tunairutubisha na nusu iliyobaki."

"Don Anacleto, mimi..."

"Kunywa, binti, inapoa hiyo."

Nikanywa, nikasema asante, na unajua kwetu ukisema asante kibuyu hakirudi kwako tena, ni kama umeaga, basi nikaondoka. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo riziki yake ya majira ya baridi, Shangazi, na mimi nashindwa hata kumtazama. Nifanyeje?

Mwenye Aibu


Binti yangu,

Jibu hili nimempa dereva wa basi akuletee mkononi. Gazetini litatoka wiki ijayo, na majina nitakuwa nimeyabadilisha, kwa maana mzee hapaswi kusoma huko jambo ambalo wewe ulipaswa kumwambia mlangoni kwake.

Kuogopa ukumbi si kosa. Wapo wakubwa wengi wanaotetemeka kuliko wewe. Lakini kumwacha Wilmar aitwe mwizi huku wewe ukipigiwa makofi, hapo nakukemea, na usinililie. Aibu unayoikwepa umemtwisha mtu asiye na hatia.

Nenda leo. Mwambie alizuie lori, au taka zimwagwe pembeni, mbali na kisima, zichanganywe na nyasi kavu na kugeuzwa mpaka zinukie kama udongo wa msituni. Kwenye nusu iliyoharibika msiongeze kitu. Vunjeni ganda kwa uma wa shamba ili hewa ipenye, fukieni nyasi kavu, kisha udongo uachwe upumzike. Udongo hupona ukipewa muda. Saladi inayoliwa mbichi isipandwe pale kwa sasa. Na nasema "vunjeni" kwa sababu uma wa pili utaushika wewe, kila ukitoka shule. Halafu mtakwenda wote wawili kwa Wilmar.

Mzee atafoka, ndiyo. Mwache afoke, ana haki.

Usiniambie huna maneno, kwani umeniandikia barua nzima bila kukwama. Chukua ile karatasi ya katikati. Sauti ikikauka, msomee. Akikupa chai, pokea. Akikupa tena, pokea tena. Usiseme asante mpaka uifikishe karatasi hiyo mwisho.

Shangazi Herminia