Bonde Si Kilima

Ilomba, Mbeya
20 Februari 1956

Kwa kaka yangu Asukile,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo huko Mafinga, na kwamba kifua kimepata nafuu licha ya vumbi la mbao. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, ana ugomvi na kuku tu.

Ujumbe wako nimeupata kwa dereva wa lori la mbao. Unataka tubadilishane mashamba, nipande juu, wewe ushuke bondeni, kwa kuwa wewe ni mtoto wa kwanza nami ni mjane niliyerudi nyumbani, popote patanitosha. Nimekuelewa.

Ni kweli mahindi yako yamekuwa ya njano. Kule juu jembe halijazama linagonga changarawe. Katikati, kwa mdogo wetu Jailos, udongo ni mwekundu na unanata. Hapati sana wala hakosi. Huku kwangu ni mweusi, wa kina, una unyevu hata mvua zikiisha. Kila inaponyesha, udongo wako unateremka kwangu. Siuiti, unakuja wenyewe. Aliye juu mngoje chini.

Siku ya kugawa mashamba, Baba aliwaambia wazee kwamba kilima ni cha wanawe wa kiume. Wewe ulikuwa umeagiza upewe juu, maana mkubwa hawezi kulima mahali ambapo maji machafu ya mdogo wake yatamshukia. Wazee wakakusifu kwa kujua heshima. Jailos akapewa katikati. Ndipo Baba akawauliza kilima kinaishia wapi. Wakasema pale ardhi inapoanza kulala. Basi, akasema, palipobaki ni bonde, na bonde si kilima, apewe Atuganile alime na wanawe. Dereva alinieleza kwamba ulicheka uliposikia.

Jailos amenisihi nisikuandikie hili. Bonde Baba alilitenga liwe lako tangu ulipobatizwa. Asubuhi ya siku ile ya kugawa Baba aliniambia, huku akilia, nirudi kwa shemeji yangu nikarithiwe, kwa sababu hapakuwa na pa kunipa. Nilikuwa nafunga vyungu vyangu agizo lako la kutaka juu lilipofika. Namwogopa yule shemeji, kaka.

Kwa hiyo bonde sitoi. Njoo tukupigie matuta ya kukata mteremko, udongo uliobaki usikukimbie. Nitashika jembe mwenyewe.

Baba na Jailos wanakusalimu. Nami nakushukuru kwa kukataa maji ya mdogo wako.

Dada yako,
Atuganile