Uvimbe Kwapani mwa Kondoo wa Kariuki

Ijumaa, mwezi wa nane, 1977. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba rafiki yangu wa karibu ni kondoo dume.

Yuko nyumbani kwa Cucu, mama yake Baba, kwenye kizimba kidogo kando ya kitanda chake, anakonenepeshwa tangu mwaka jana. Kazi ya kumkatia majani ya viazi vitamu ni yangu kila likizo. Shuleni naweza kumaliza wiki nzima bila kuzungumza na mtu isipokuwa nimeulizwa swali, lakini huyu nimemweleza mambo yote ya kidato cha tatu. Hutafuna tu, akinitazama.

Kesho alikuwa apelekwe Kiriaini, achinjwe kwenye sherehe ya mahari kwa wazazi wa msichana ambaye kaka yangu Kariuki anataka kumwoa.

Jumatano nilipokuwa namkuna nilihisi vijiuvimbe vigumu kwapani, mahali pasipo na manyoya. Viko chini ya mkia pia. Nilijua mara moja. Kuna mbuzi ambaye Baba alinunua sokoni, aliyelala kizimbani na kondoo huyu kabla ya kuuzwa tena, na alikuwa anatoka makamasi. Ni ndui ya kondoo.

Siku mbili nimekaa kimya. Nimejiambia labda ni kupe. Naandika hapa kwa sababu ni aibu.

Leo asubuhi Baba na Kariuki walikuja na kamba mpya. Nikasema ni mgonjwa. Sauti yangu haikufika hata mlangoni, ikabidi niseme tena.

"Daktari wa mbuzi amefika!" Kariuki akacheka.

Nikaingia kizimbani, nikainua mguu wa mbele. Kicheko kikaisha.

Baba aliinama akatazama. Halafu akasema, "Si kondoo za wale watu wa Kiriaini zimechanjwa juzi? Basi hakuna neno. Na nani atainua mguu wa kondoo ya wenyewe mbele ya wageni?"

Hapo ndipo niliongea kuliko nilivyowahi kuongea katika nyumba ile. Nilisema chanjo ya juzi bado haijawapa kinga. Tena chanjo yenyewe ni virusi hai, vya ndui hiyohiyo, vilivyodhoofishwa. Mwalimu wetu wa bayolojia alitueleza kwamba virusi viwili vya jamii ya ndui vikikutana ndani ya seli moja vinaweza kubadilishana vipande. Ni kama mtu anayenakili daftari la rafiki yake, anainua macho, anaporudi anaendelea na mstari uleule lakini kwenye daftari la mtu mwingine. Kinachotoka si cha huyu wala cha yule. Mwalimu alisema wataalamu wameona hivyo kwenye maabara. Hakusema imewahi kutokea zizini. Lakini kirusi kilichodhoofishwa kinaweza kuokota nguvu iliyopotea, na hakuna anayejua cha tatu kitakuwaje.

"Ati daftari," Baba akasema. "Hiyo daftari yako imewahi kulisha kondoo?"

"Redio inasema ndui imekwisha duniani," Kariuki akasema.

"Karibu kwisha. Na hiyo ni ya watu."

Cucu alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa ameshika kamba ile mpya, anaiviringisha mkononi.

Baba akasema safari iko palepale.

Naandika tena ili nisijidanganye baadaye: nilijua nikitoka nje ya lango sherehe ya kaka yangu imevunjika, na kondoo huyu atakufa leo. Nikibaki, atakufa kesho, na zizi zima la watu wasiotujua litafuata.

Nilivaa viatu vya shule. Nilitembea mpaka Wamagana, nikamwambia afisa wa mifugo. Aliniuliza maswali mengi, nikayajibu yote bila kutazama chini. Tulirudi naye, yeye akisukuma baiskeli kwenye matope.

Baba huniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la Cucu. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia akiniita vingine.

Afisa alipomaliza kukagua na kusema mnyama huyu hatoki hapa, wala haliwi, Baba aligeuka. "Wanjiku," akasema, "mwonyeshe kaka yako mahali pa kuchimba shimo."

Niliwaonyesha pale chini ya migomba, mbali na maji. Kariuki alianza kuchimba bila kunitazama.

Nilikata majani ya viazi vitamu nikampelekea. Alinusa, hakula. Nilibaki naye mpaka afisa alipokuja na kamba.

Halafu nilichukua jembe la pili, nikaenda kuchimba upande wa pili wa shimo.