Nilivyoikataa Dawa ya Shangazi

Jumanne, Gatina

Nimemkasirisha Shangazi leo, lakini hata kesho ningerudia.

Alitoka Soweto West asubuhi kumwona mume wangu Wafula, mtoto wa ndugu yake, akiwa na chupa ya dawa ya mizizi ya kuunga mifupa. Ni wiki ya saba tangu gari limgonge Wafula na kumvunja mguu.

"Wenzake walioumia siku hiyo wanatembea," akasema. "Huyu mnangoja nini?"

Nikamweleza vile daktari alituambia Wafula alipolazwa. Ini lake lilikuwa gonjwa hata kabla ya ajali, ndiyo maana damu inachelewa kuganda na kidonda kinachelewa kufunga. Hata dawa za maumivu anapewa kwa kipimo. Hiyo ya chupa hakuna anayejua itafanya nini.

"Kwa hivyo mimi nataka kumuua mtoto wa ndugu yangu?"

Chupa sikuipokea.

Wafula ndiye aliyeongea. "Shangazi, huu ugonjwa niliuficha miaka miwili kwa aibu. Huyu ndiye ananiuguza. Msikize."

Shangazi akaondoka na chupa yake, chai hajagusa.

Miaka miwili! Mimi nilidhani alijua siku ile ile niliyojua, pale hospitalini.

Macho yake bado yana manjano, na hilo linanitisha. Lakini jioni nilipobadilisha bendeji niliikuta kavu, bila damu, kwa mara ya kwanza.

Hiyo miaka miwili tutaiongea akishasimama. Na atasimama.