Santuri za wachimba makaa ya mawe, na salamu za baba

Ijumaa, 5 Februari 2016
Silicon Oasis, Dubai

Leo asubuhi ukungu ulishuka mpaka ghorofa za juu zikapotea. Wenzangu walilalamika kwamba mabasi yatachelewa. Mimi nilisimama dirishani nikajiona niko nyumbani Elburgon, Kenya, mwezi wa saba, viazi viko shambani na baridi imeingia hadi kwenye kopo la sukari. Wanaoijua Dubai kwa picha tu hawaamini nikiwaambia huku kuna ukungu.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nianze na baba. Tangu kiharusi kimshike mwaka jana, hajatamka neno hata moja. Anakula, anaketi, macho yake yanafuata watu nyumbani, lakini kinywa kimejifunga. Nikipiga simu, dada yangu Wanja humwekea sikioni. Namsikia akipumua, nami naanza: Baba, unanisikia? Baba, unanijua? Sema hata kidogo. Mwezi uliopita Wanja aliniambia kwa upole kwamba nipunguze kupiga, kwa sababu kila nikikata simu mzee hugeukia ukutani akatokwa na machozi.

Niliogopa kwamba baba amenisahau. Niliogopa zaidi kwamba hajanisahau.

Sasa nije kwenye santuri. Wiki tatu zilizopita nilienda kwenye ghala moja mtaani Al Ras kuulizia kiti cha magurudumu nilichomnunulia baba. Mizigo yangu husafirishwa na Mzee Swaleh, mtu wa Mombasa aliyeishi huku miaka mingi. Kazi yake ni kununua vitu vya watu wanaohama na kuvijaza kwenye kontena la kwenda Kenya. Kiti kilikuwa kimeshafika Kenya, alhamdulillahi, akasema. Nikageuka kuondoka, na hapo kando ya friji nikaona kreti limejaa santuri, na juu yake mashine ya kuzichezea. Familia moja ya Wamarekani ilikuwa imerudi kwao na kuuza kila kitu, hadi mapazia.

Mimi ni mtu wa kantri na sioni haya kusema. Kwetu kantri haikuwa muziki wa wazungu, ilikuwa muziki wa Jumapili. Baba hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno, kwa hiyo alitunga ya kwake, mengi kuhusu viazi. Nakato, dada wa Kiganda ninayeishi naye chumba kimoja, anasema hizi ni nyimbo za watu wazima wanaolilia mbwa. Huwa namwacha aseme.

Niliinama pale nikitegemea kuwakuta wale wakubwa ambao kila mtu anawajua. Sikumjua hata mmoja. Zilikuwa santuri za mkusanyiko, kila moja ina waimbaji tele, na wote ni wa wilaya moja ya wachimba makaa ya mawe huko milimani West Virginia. Waliimba kwenye kituo kidogo cha redio cha kwao, zamani, kabla baba hajaoa. Kwenye jalada kuna picha ya ukumbi wa mbao na malori yameegeshwa nje kwenye tope, na nyuma yake kila mwimbaji ameandikiwa kazi yake. Nimewatafuta watu hao mtandaoni tangu siku ile na sijapata kitu. Nje ya kreti lile ni kama hawakuwahi kuwepo.

Nikamwomba Mzee Swaleh achomeke mashine.

"Mwanangu," akasema, "watu waja hapa wataka TV, wewe wataka kelele za wazungu waliokufa?"

Lakini alichomeka.

Sijui hata nielezeje. Kuna kinyozi anayepandisha sauti mpaka inavunjika, halafu anaidaka papo hapo, kama mtu aliyeteleza kwenye mteremko akashika mti. Kuna dada wawili wanaoimba kwa pumzi moja, huwezi kujua yupi ni yupi. Kuna mchimba makaa anayeanza kwa kukohoa, kikohozi kirefu cha kifua, na hawakukiondoa. Kisha anaimba kuhusu kisima cha mama yake kwa sauti safi kama maji yenyewe. Kila mmoja alipewa wimbo mmoja. Aliuimba, na Jumatatu akarudi kazini. Nilisimama katikati ya mafriji yale, vinyweleo vya mikono vimenisimama.

Halafu, kati ya wimbo na wimbo, mtangazaji akaanza kusoma salamu.

Salamu kabisa, kama zetu. Kiingereza chake kilikuwa kizito na ilinibidi nirudishe sindano nisikilize tena. Wimbo unaofuata, alisema, umwendee Delbert, ambaye yuko kitandani na mgongo wake mbovu, kutoka kwa vijana wa zamu ya usiku, na nyumbu wake wa mizigo naye asalimiwe. Akafuata bibi mmoja wa kule mtoni anayewasalimu wanawe waliokwenda mjini kutafuta kazi. Niliketi juu ya mashine ya kufulia. Nilidhani salamu ni zetu peke yetu.

Baba alikuwa mtu wa salamu. Kila wiki alinunua kadi dukani, akaijaza, akaituma redioni, na Jumapili sote tulinyamazishwa ili tusikilize. Jina lake la redioni lilikuwa Mkulima Hachoki. Bado naisikia sauti ya mtangazaji: Mkulima Hachoki wa Elburgon anamsalimu mkewe mpenzi, anawasalimu wanawe Wanja na Nyambura, anawasalimu wote wa soko la viazi, na bila kumsahau Kiprono wa ng'ambo ya ua.

Kiprono ni jirani yetu. Yeye na baba waligombana kabla sijazaliwa, ugomvi wa mpaka wa shamba na ng'ombe aliyeingia kwenye viazi, na tangu hapo hawajasemezana. Wakikutana njiani, kila mmoja hutazama upande wake. Lakini redioni walisalimiana. Kiprono naye alikuwa na kadi zake, naye hakukosa kumtaja Mkulima Hachoki, na redio zote mbili, ya kwetu na ya kwake, zilikuwa zikisema jambo lilelile pande mbili za ua. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba mbona anamsalimu mtu asiyeongea naye.

"Redioni ni redioni," alinijibu.

Siku ile nilirudi nyumbani nikimfikiria Delbert. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuna aliyemwambia aseme neno au athibitishe kwamba amesikia. Walimtumia wimbo na salamu, naye akabaki pale na mgongo wake, amesalimiwa. Mimi nilikuwa nampa baba mtihani kila nikipiga simu, naye alikuwa anaanguka mbele ya watoto wake.

Basi leo niliwahi Al Ras kabla Mzee Swaleh hajaenda msikitini. Nilimweleza ninachotaka, akaenda kuzima feni ili isiingie kwenye rekodi. Niliweka simu karibu na spika, nikamwacha kinyozi aimbe mpaka mwisho, kisha nikaigiza sauti ya mtangazaji. Nilidhani nitaona aibu, wala sikuona. Nikasema wimbo huo umemwendea Mkulima Hachoki wa Elburgon, kutoka kwa binti yake Nyambura aliye Dubai, na kwamba yeye Mkulima Hachoki anamsalimu mama yetu huko aliko mbinguni, anamsalimu Wanja, anawasalimu wote wa soko la viazi.

Mzee Swaleh alikuwa amesimama mlangoni. "Nitie na mie humo," akaninong'oneza.

Nikamtia: Swaleh wa Al Ras, aliyekipakia kiti.

Kiprono nilimwacha. Wanja alishaniambia kwamba hajakanyaga kwetu tangu mzee augue, na daktari alisema mzee asiudhiwe. Sikuuliza swali lolote. Niliituma kwenye simu ya Wanja, nikaomba kitu kimoja tu, kwamba safari hii mzee asilie.

Alasiri nilikuwa nakunja sare yangu ya mapokezi Wanja alipopiga. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, nikamwambia atulie aanze upya. Alikuwa amemchezea baba ujumbe wote. Wakati wa wimbo, mkono wake ulio mzima ulikuwa ukigonga ubao wa kiti. Salamu zilipoanza mkono ulitulia, akainamisha kichwa vile alivyokuwa akifanya zamani. Zilipoisha, akangoja. Akamtazama Wanja kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani. Mdomo ukaanza kuhangaika, Wanja akadhani amepaliwa, akakimbilia maji. Alikuwa amefika mlangoni alipomsikia nyuma yake.

"Na bila kumsahau Kiprono."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya baba tangu augue. Hakutaja jina langu, wala la Wanja, wala la mama. Alitaja la mtu ambaye hajamsemesha maisha yangu yote. Nilicheka mpaka Nakato akatoka bafuni na povu la sabuni shingoni kuja kuona kuna nini. Nilipomweleza, aliketi kitandani kwangu na povu lake.

"Banange," akasema. "Kumbe hizo nyimbo za mbwa ziko na kazi."

Namfikiria yule kinyozi. Aliimba mara moja kwenye redio ambayo pengine haikusikika hata ng'ambo ya mlima wao, akarudi kwenye mkasi wake, akazeeka, na leo amefika Elburgon. Sielewi jambo kama hilo linawezekanaje na sitajifanya naelewa.

Sijidanganyi pia. Baba hajasema kitu kingine. Wanja alitaka kumwambia ataje jina lake mwenyewe, nikamkataza. Nilimwambia ya leo yanatosha, maswali tumemaliza, na kila Ijumaa nitatuma wimbo mmoja na salamu. Nyimbo za wenzake kinyozi bado ziko nyingi.

Akaniuliza, sasa afanye nini. Nikamwambia avuke ua akamwambie Kiprono kwamba amesalimiwa.

Ujumbe wake umeingia jioni hii. Kiprono amekuja. Amevaa koti la kanisani na ameleta maziwa. Amekaribishwa kiti, ameketi karibu na baba, na Wanja ana wasiwasi, anauliza kama amekosea, kwa sababu wazee hawaongei hata kidogo, kila mmoja anatazama upande wake.

Nimemjibu kwamba hao hawajawahi kuongea. Awawashie redio.